Kompyuta moja nyumba nzima: ufute histori, utumie hali fiche, au kila mtu awe na akaunti yake?

Nyumba nyingi bado kompyuta ni moja tu, iko sebuleni, na kila mtu anaigusa. Kijana anajaza maombi ya mkopo wa chuo HESLB, dada anatuma maombi Ajira Portal na hajataka mtu ajue kwamba anataka kuacha kazi aliyonayo, mama anasoma kuhusu uvimbe kwenye kizazi kwa sababu daktari kamwambia arudi kwa vipimo, mtoto wa darasa la sita anaangalia katuni, na wote hao wanapita kwenye Chrome ile ile, kwa mtumiaji yule yule wa Windows, mara nyingi bila paswedi yoyote. Hakuna hata mmoja anayefanya baya. Ila kila mmoja ana jambo ambalo ni lake mpaka atakapoamua mwenyewe kulisema, na faragha ninayoongelea hapa ndo hiyo.

Ukiuliza watu wengi watakwambia futa histori, basi imeisha. Inasaidia kweli, ila ni njia moja tu kati ya kadhaa, na kila njia inaondoa kitu chake na kuacha kitu chake. Nimeziweka pamoja uone ipi inafaa kwa nyumba yenu, manake jibu la wanandoa wawili wanaoaminiana sio jibu la nyumba yenye vijana wanne na wageni kila wikiendi.

Kwanza ujue brauza, yaani hiyo Chrome, Edge au Firefox unayofungulia mtandao, inabakiza nini, kwa sababu watu wanafikiri ni ile orodha ya kurasa tu. Orodha ipo, kwenye Chrome utaona kurasa za siku 90 zilizopita ukibonyeza Ctrl+H. Lakini kuna pia yale maneno yanayojitokeza yenyewe ukianza kuandika pale juu, kuna kuki ambazo ndo zinafanya Gmail au Facebook ibaki wazi bila kuulizwa paswedi, kuna picha na faili zilizowekwa akiba ili ukurasa ufunguke haraka, kuna paswedi zilizohifadhiwa, na kuna vitu ulivyojaza kwenye fomu, jina lako kamili, namba ya simu, anwani, ambavyo kesho mdogo wako akijaza fomu yake vinamjia vyenyewe. Na kuna faili ulizodaunlodi, hizo haziko hata kwenye brauza, ziko kwenye folda ya Downloads na kila mtu anaifungua.

KUFUTA HISTORI

Hii ndo rahisi kuliko zote. Ctrl+Shift+Delete, iwe Chrome, Edge au Firefox, kisanduku kinafunguka, unachagua muda na unachagua vya kufuta. Haihitaji ruhusa ya mtu, haihitaji maandalizi, na inafanya kazi hata kwa yale ambayo tayari umeshayafungua, kitu ambacho njia nyingine zote hapa chini haziwezi. Kwenye hilo haina mpinzani.

Ila angalia sana unatiki nini. Kwanza muda, mara nyingi unakuta umewekwa muda mfupi kama saa moja iliyopita, mtu anabonyeza futa anaondoka akijua amemaliza kumbe ya asubuhi yote yapo. Pili kuki. Kwenye kompyuta ya peke yako ukifuta kuki zote unajisumbua mwenyewe tu, kwenye kompyuta ya familia unawatoa wote kwenye akaunti zao, mzee aliyefunguliwa barua pepe na mtoto wake aliyeko Mwanza, na paswedi haikumbuki, anaamka asubuhi haingii tena. Hilo ni tatizo la kweli. Na ukitiki paswedi kwa muda wote ndo mbaya zaidi, unafuta za watu wote, na kama brauza hiyo imeunganishwa na akaunti ya Google ya mtu basi zinaweza kupotea hadi kwenye simu yake. Tatu ile akiba ya picha na faili, kwa wanaotumia bando za kupimwa kwa MB, ukiifuta kila siku kurasa zinaanza kupakua kila kitu upya na bando linaisha mapema. Kwa faragha ya kawaida ya nyumbani tiki histori na orodha ya vilivyodaunlodiwa, chagua muda unaokuhusu wewe, mengine acha mpaka uwe na sababu.

Kama unachotaka kuondoa ni kitu kimoja au viwili usifute vyote. Fungua Ctrl+H, andika jina la tovuti kwenye kutafuta, tiki kurasa zake, futa hizo tu. Yale maneno yanayojitokeza pale juu unashuka nayo kwa mshale wa kibodi mpaka kwenye lile usilolitaka, unabonyeza Shift+Delete, linaondoka. Firefox kwenye hili iko mbele kidogo, ndani ya histori unabofya kulia kwenye ukurasa unachagua isahau tovuti hiyo, na inaondoa histori yake, kuki zake na akiba yake kwa mara moja bila kugusa za tovuti nyingine, ila paswedi ya tovuti hiyo nayo inakwenda kwa hiyo uwe unaikumbuka. Firefox na Edge pia zinaweza kuwekwa zifute histori zenyewe kila zikifungwa. Chrome ya kawaida haina hiyo kwa histori, ina ya kuki na data za tovuti tu.

Sasa kuna kitu ambacho kinaangusha njia hii kuliko vyote, na watu wengi hawakijui. Angalia pale juu kulia kwenye Chrome, kuna picha au herufi ya nani? Kama ni ya baba, na amewasha usawazishaji (sync), basi kurasa mnazofungua nyote kwenye hiyo kompyuta zinakwenda kwenye akaunti yake, na anaweza kuziona kwenye Chrome ya simu yake akiwa kazini, hata bila kukusudia kuchunguza mtu, anafungua tu simu anakuta mapendekezo ya ajabu. Ukifuta upande wa kompyuta na usawazishaji uko hai, na kwenye simu zinafutika, ila kabla hujafuta zilikuwa zinaonekana. Juu ya hapo kuna kumbukumbu ya Google yenyewe, ulichotafuta na video ulizoangalia YouTube, ambayo iko kwenye akaunti sio kwenye kompyuta, hiyo unaikuta myactivity.google.com na kufuta histori ya brauza hakuigusi. Pale unaweza kufuta kwa mkono au kuweka ijifute kila baada ya miezi 3, 18 au 36.

HALI FICHE, ILE TUNAYOIITA INKOGNITO

Ctrl+Shift+N kwenye Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox. Dirisha jeusi linafunguka, unafanya yako, ukifunga histori haipo, kuki hazipo, fomu hazikumbukwi. Ukilinganisha na kufuta, hapa hugusi cha mtu. Mzee wa barua pepe analala kwa amani. Ndo maana kwa kazi fupi ya kuingia kwenye akaunti yako na kutoka, mfano kuangalia kama mkopo umepangwa au kusoma barua pepe ya kuitwa kwenye usaili, naipenda kuliko kufuta.

Lakini ina masharti. Lazima ufunge madirisha YOTE ya fiche, sio kulishusha chini, manake madirisha yote ya fiche yanashirikiana kuki, ukiacha moja limejificha kule chini mtu akifungua lingine anakukuta bado uko ndani. Faili ulilodaunlodi linabaki kwenye Downloads kama kawaida, ukurasa uliouwekea alama unabaki kwenye alamisho. Na usidhani umefichika kwa kampuni ya mtandao au kwa tovuti zenyewe, hapana, umefichika kwa watu wa nyumbani tu. Suala hili lilifika mpaka mahakamani Marekani, watu waliishtaki Google mwaka 2020 wakisema walikuwa wanafuatiliwa hata wakiwa kwenye hali fiche, na mwaka 2024 Google ikakubali kuharibu mabilioni ya rekodi za data ili kumaliza kesi. Na ukiingia kwenye akaunti yako ya Google ukiwa humo ndani, unachotafuta kinaweza kuandikwa kwenye akaunti hiyo vile vile.

Udhaifu wake mkubwa nyumbani ni kwamba inategemea ukumbuke kila mara. Siku umechoka unafungua dirisha la kawaida, unaandika maneno matatu, yameshaingia.

Kwa mgeni kuna kitu bora kuliko hali fiche na hakitumiki kabisa, kwenye Chrome na Edge ukibofya ile picha ya akaunti pale juu utaona sehemu ya Mgeni. Hali fiche inaficha ya kwako lakini bado inaona alamisho na inaweza kujaza paswedi zilizohifadhiwa na wenye nyumba. Dirisha la mgeni halioni chochote cha mwenye kompyuta, na likifungwa halibakizi cha mgeni isipokuwa faili alizodaunlodi. Binamu kaja wiki nzima anataka kuangalia mechi na kuperuzi, mfungulie hilo, mnalindana pande zote mbili.

PROFAILI ZA BRAUZA

Hapa kila mtu anakuwa na Chrome yake ndani ya Chrome, rangi yake, jina lake, histori yake, paswedi zake, alamisho zake. Kutengeneza ni dakika chache, unabofya picha pale juu, unachagua kuongeza profaili, na huhitaji hata kuingia na akaunti ya Google kama hutaki. Raha yake ni kwamba mambo hayachanganyiki, mapendekezo ya YouTube ya mtoto hayawi ya mama, fomu ya kaka haijazi jina la dada, na hata ukitaka kufuta kuki zote unafuta zako peke yako. Lile tatizo la kuwatoa wengine kwenye akaunti zao linaisha.

Ila profaili hazina kufuli. Yeyote aliyekaa kwenye hiyo kompyuta anabofya picha yako na yuko ndani ya Chrome yako. Ni pazia, sio mlango. Kwa nyumba ambayo watu wanaheshimu pazia inatosha kabisa, na mimi ningewaambia wanandoa wengi waishie hapa, kwa sababu shida yao mara nyingi sio mtu kuchungulia, ni vitu kujitokeza vyenyewe, umetafuta zawadi ya mwenzako afu matangazo ya ile saa yanamfuata yeye wiki nzima. Kwa nyumba yenye mtu mwenye tabia ya kuchungulia, haitoshi.

AKAUNTI TOFAUTI ZA WINDOWS

Huu ndo mlango, na kwa familia ya watu wengi ndo chaguo langu bila kusita. Unaingia Setingi, Akaunti, unaongeza mtumiaji, kila mmoja na paswedi au PIN yake. Hapo kinachotengana sio brauza tu. Folda ya Downloads inakuwa yako, Documents yako, picha zako, ile orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni ni yako. Yote ambayo kufuta histori na hali fiche vinayaacha nyuma, hapa yanakuwa nyuma ya paswedi. Paswedi zilizohifadhiwa kwenye Chrome nazo zinafaidika, manake Chrome ukitaka kuzitazama inaomba paswedi ya Windows, sasa kwenye kompyuta isiyo na paswedi kabisa kinga hiyo inakuwa haina maana.

Gharama yake ni nidhamu. Ukinyanyuka bonyeza Windows+L inajifunga, ukinyanyuka bila kufunga umeacha mlango wazi. Mashine yenye RAM ya GB 4 itakuwa nzito kama watu watatu wako ndani kwa pamoja, kwa hiyo zoeeni kutoka kabisa badala ya kubadilisha mtumiaji tu na kuacha vyako vinaendelea kule nyuma. Vitu vya wote, picha za harusi, nakala za vyeti, viwekeni kwenye folda ya Public ili kila mtu avione. Programu kama Word huhitaji kuziweka upya kwa kila mtu.

Na hapa kuna swali ambalo familia lazima iliongee, nani ni admini? Mwenye akaunti ya admini anaweza kubadilisha paswedi za wengine na kufungua folda zao, kwa hiyo paswedi inamlinda kila mtu dhidi ya kila mtu isipokuwa yeye. Ushauri wangu, akaunti ya admini iwe ya peke yake, isitumiwe na mtu kuperuzi, paswedi yake ishikwe na mtu mzima ambaye wote mnamwamini, na hata huyo awe na akaunti yake ya kawaida kwa matumizi ya kila siku. Faida ya ziada ni kwamba mtoto akibofya takataka ya kuinstall, mara nyingi Windows inaomba paswedi ya admini na mambo yanaishia hapo.

WHATSAPP WEB, NAIWEKA PEKE YAKE

Naiweka peke yake kwa sababu ndo inaumbua watu kuliko histori yote. Mtu anafuta kurasa zote vizuri, kuki hakutiki, WhatsApp yake iko wazi pale kwenye kompyuta na meseji zinaingia moja moja mbele ya watoto. Kufuta histori bila kuki hakuifungi. Hali fiche inaifunga ukifunga madirisha yote. Profaili inaiacha nyuma ya pazia. Akaunti ya Windows inaifungia kweli. Lakini usitegemee yoyote kati ya hizo, chukua simu yako, ingia WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, utaona orodha, toa kila usichokitambua na kila usichokitumia. Fanya hivyo hata sasa hivi.

KAMA UNACHOKIOGOPA NI MTU

Yote niliyosema hapo juu ni kwa nyumba yenye amani. Kama uko na mtu anayekupiga, anayekufuatilia, anayekagua simu na kompyuta yako, ulinganisho unabadilika kabisa na naomba usome kipande hiki taratibu. Histori iliyofutwa yote ni dalili yenyewe, mtu wa aina hiyo akikuta tupu atauliza kwa nini, na swali hilo linaweza kuja na mkono. Akaunti mpya ya Windows yenye paswedi ghafla nayo ni hivyo hivyo. Kwa hali hiyo ni afadhali ufute kurasa mojamoja na kuacha za kawaida zibaki, habari, mapishi, mpira. Na afadhali zaidi usitumie hiyo kompyuta kabisa kwa jambo hilo, kwa sababu kama ameweka programu ya kupeleleza inayorekodi unachoandika, hakuna hali fiche wala kufuta kutakakokusaidia. Tumia simu ya rafiki unayemwamini, au ya kazini. Kenya kuna namba 1195 kwa ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto Tanzania na Kenya. Ukipiga kwa simu yako kumbuka namba inabaki kwenye orodha ya simu ulizopiga, itoe.

WATOTO

Kwa wadogo chaguo ni moja tu kwangu, akaunti yao wenyewe yenye usimamizi wa mzazi, iwe Family Link ya Google au ile ya Microsoft, na kwenye Chrome iliyosimamiwa na Family Link hali fiche haifunguki. Mwambie mtoto kwamba unaona anachofungua, usimfanyie kimya kimya. Kwa kijana wa miaka 16 ni tofauti. Huyo ana maswali kuhusu mwili wake ambayo hatayauliza mezani, na akijua kila neno linasomwa hataacha kuuliza, atahamia kwenye simu ya rafiki ambapo huna namna ya kumsaidia. Mpe akaunti yake yenye paswedi, kubalianeni mambo machache ya msingi, kompyuta ibaki sebuleni.

KWA HIYO MNACHAGUAJE

Kama mnaaminiana na mko wawili watatu, profaili, na hali fiche siku unayotafuta zawadi. Kama mko wengi, au kuna vijana, au kompyuta inabeba mambo ya kazi na pesa, akaunti za Windows, msiahirishe. Kama kompyuta sio yako na huna mamlaka ya kubadilisha kitu, umefikia kwa shangazi unasoma chuo hapo, dirisha la mgeni au hali fiche kila mara, na kufuta mojamoja ukisahau. Kufuta histori yote mara kwa mara naiweka mwisho, kama kazi ya kila siku inachosha na inawasumbua wengine, ila kama huduma ya kwanza baada ya kuteleza haina mbadala.

Mkiamua kwenda kwenye akaunti tofauti kuna kitu kimoja msikisahau, ile akaunti ya zamani bado ina mambo ya kila mtu. Kabla mtu hajabaki nayo kama yake, kaeni siku moja kila mmoja kwa zamu aingie pale achukue mafaili yake, aandike paswedi zake zilizohifadhiwa azipeleke kwake, atoe akaunti yake ya Google kwenye Chrome, afute kurasa zake na vitu vyake kwenye Downloads na kwenye kapu la takataka pia, afu wa mwisho ndo atiki kila kitu, muda wote, afute.